Mvua Aliyochora Muindi

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Waulize wanawake wa mwethya wetu, kile kikundi cha kulimiana mashamba. Nimekuwa katibu wao miaka kumi na minane na hakuna aliyewahi kupata sifa yangu bila kuitolea jasho. Kwa hiyo nikikuambia kwamba Muindi, mchoraji wa mabango kutoka Mbumbuni, ni mtu wa maana, ujue nimefikiria. Na ujue pia kwamba mtu huyo huyo aliwahi kunifurisha goti likawa kama boga.

Ukifika Mbumbuni siku ya soko, inua macho uangalie kuta. Kichwa kilichonyolewa kwenye mlango wa kinyozi, chapati zinazotoa moshi kwenye hoteli, cherehani ya fundi wa nguo, zote hizo ni kazi ya mkono wake. Kuna mbuzi mmoja alimchora kwenye bucha, akamnenepesha mpaka wateja wakaanza kumuuliza mwenye bucha yule wa ukutani anachinjwa lini, maana wale wa ndani ni mifupa tu. Mwenye bucha akamwita Muindi aje ampunguze mbuzi. Akaja na brashi yake, akamkata tumbo, akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyo. Ni mrefu, mpole, rangi haimtoki kwenye kucha, na ukimkosoa anasema "sawa" kisha anaenda kufikiria. Watu wa "sawa" hunikera, kwa sababu hujui kama wamekusikia. Huyu husikia.

Baba yake alikuwa mvunja kokoto. Siku moja jiwe lilimwangukia pajani, na hospitalini wakampa karatasi yenye mazoezi. Mzee alifanya wiki mbili, hakuona tofauti, akaacha. Ile karatasi ilitumika kuwashia moto jikoni, na mzee akamalizia miaka yake akiwa ameketi kwenye kiti. Muindi aliniambia baba yake hakuwa mvivu hata kidogo. Mtu akilima huona alipofika, alisema, lakini mguu haukuonyeshi kitu. Nadhani ndiyo sababu daktari Mukami alipomwomba aje mjini Wote amsaidie, hakuuliza mara mbili.

Huyu Mukami ndiye daktari wa mazoezi ya viungo katika zahanati ninayotibiwa, mama wa Murang'a mwenye mikono ya chuma na maneno machache. Kwanza alimwita Muindi apake rangi kibao cha lango. Alipoona mkono wake, akamwambia achore picha za mazoezi ukutani, kwa sababu zile za zamani zilikuwa na mzungu aliyevaa kaptula na wagonjwa walikuwa wanamcheka badala ya kumfuata. Halafu likaja jambo la mashine. Unafungwa simu ndogo kwenye mfuko wa kitambaa chini ya goti, na mbele yako kwenye stuli kuna tableti. Ukikunja mguu, simu inajua umekunja kiasi gani, na ile tableti inakuonyesha. Fundi wa kompyuta wa Machakos aliyeitengeneza alikuwa ameweka namba na mistari inayopanda na kushuka. Wagonjwa waliitazama vile ng'ombe hutazama gazeti. Mukami akamwambia Muindi achore kitu ambacho mtu wa Makueni atakielewa bila kutafuta miwani.

Naye akachora mvua.

Sasa niseme habari ya mguu wangu. Shamba letu liko mteremkoni, na kutoka nyumbani hadi kwenye mto wa mchanga kuna matuta kumi na manne. Tuliyachimba mimi na marehemu mume wangu pamoja na mwethya, tuta moja baada ya jingine, na hakuna jiwe hapo nisilolijua. Mwezi wa Juni nilikuwa natoka chini na mzigo wa mabua ya mbaazi. Ukingo wa tuta la tisa, ukihesabu kutoka nyumbani, ukamomonyoka chini yangu, nikaenda nao. Mfupa ulipasuka pale chini ya goti. Waliniwekea chuma, na chuma kiliposhika, goti lenyewe likawa limekataa kukunjika.

Mwanangu Kitonga ana duka la vipuri vya magari kule Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Ana roho nzuri na kichwa kigumu, na kichwa alikitoa kwangu. Tangu nianguke alikuwa na wimbo mmoja: nihamie kwake, kuna chumba, kuna maji ya mfereji, na shamba tulikodishe. Mimi nikae Kiboko nikihesabu malori? Tulibishana mpaka tukachoka. Mwishowe tukapatana. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nitashuka naye mpaka mtoni na kurudi nyumbani bila kushikwa na mtu. Nikiweza, nabaki na nalima. Nikishindwa, nafunga virago na sitasema neno. Nilimpa mkono, na mimi nikitoa mkono nimetoa.

Ilipofika katikati ya Septemba, Mukami alinipima goti na kile kipimo chake, kama rula mbili zilizofungwa pamoja, akasema nimefika digrii hamsini na tano. Ngazi na matuta, akasema, vinataka tisini. Akanipa ile mashine niende nayo nyumbani. Nikalie kiti, nivute kisigino nyuma polepole, nihesabu hadi tano, ninyooshe. Mara kumi na tano asubuhi, kumi na tano mchana, kumi na tano jioni. Aliniandikia kwenye karatasi na kunisomea mara mbili.

Nikiri kwamba ile picha ilikuwa nzuri. Ukikunja goti, mawingu yanakusanyika juu ya vilima. Ukilifikisha mahali pake, mvua inanyesha na maji yanaingia kwenye bwawa. Ukiacha, jua linatoka. Muindi alikuwa amefikiria pia kwamba mtu mvivu asisahau mazoezi yake, kwa hiyo jua likitoka, maji ya bwawa yanapungua kidogo kidogo. Kitu pekee nilichomkosoa ni kwamba maji aliyapaka buluu. Nilimuuliza ameona wapi maji ya buluu huku kwetu, kama si kwenye kalenda. Akasema sawa.

Wiki mbili nilifuata karatasi, na goti likafika sabini na mbili. Kisha siku moja mchana wanawake wa mwethya wakaja kuniona, wakiwa na unga na sukari. Unajua Oktoba inapokaribia huku kwetu inakuwaje. Mbuzi wanakula hata maboksi, na kila mtu akitoka nje kwanza anatazama juu. Nikawaonyesha mashine yangu. Nikakunja goti, mvua ikanyesha, na wote wakainama kutazama. Bwawa lilikuwa limefika zaidi ya nusu. Nilipomaliza zile kumi na tano nikapumzika, jua likatoka, na sote tukaona maji yanaanza kushuka.

Mama mmoja akasema kwa sauti ya kanisani, "Yanapotea."

Basi nikakunja tena. Ungefanya nini wewe? Nikakunja, yakapanda. Nikapumzika, yakashuka. Wakavuta viti karibu, mmoja akanishikia chai, na mwingine akawa ananihesabia kwa Kikamba. Maumivu niliyasikia, si ati sikuyasikia, lakini bwawa lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili. Lilipojaa tukaimba. Nililala nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu mume wangu afariki.

Asubuhi goti lilikuwa boga. Lilikuwa la moto, linang'aa, halikunjiki wala halinyooki. Walinipeleka Wote nikiwa nimelazwa kiti cha nyuma, wakapiga picha, na kwa neema ya Mungu chuma kilikuwa mahali pake. Mukami alibonyeza uvimbe kwa kidole gumba akaniuliza nilikunja mara ngapi. Nikasema sikuhesabu. Akafungua ile tableti, na humo ndani kulikuwa kumeandikwa mia mbili na kumi na mbili. Mashine haina heshima kwa watu wazima.

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliifunga mashine kabatini, akamwita Muindi, akamwambia mbele yangu kwamba picha yake inaumiza watu na haitatumika tena. Muindi akasema sawa, akatoka akitazama viatu vyake. Mimi nikarudi nyumbani na barafu na mto wa kuinulia mguu. Kila aliyekuja kunipa pole alinikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliwajibu kwamba guu langu lilivunjika zamani, watafute methali nyingine.

Baada ya wiki moja uvimbe ulikuwa umeshuka. Mukami akapima: hamsini na nane. Zilibaki siku ishirini na nne. Niliogopa. Sisemi nilikuwa na wasiwasi, nasema niliogopa, mpaka nikaanza kuangalia vyombo vyangu na kuchagua vitakavyokwenda Kiboko.

Siku hiyo hiyo alasiri Muindi akaja nyumbani. Hakuja na rangi, alikuja na daftari tu. Akakaa ukingoni mwa kiti akaniomba msamaha, akasema anarudi kwenye mabango yake, kwa sababu mbuzi wa ukutani hata akikosewa hamvunji mtu mguu. Hapo hasira ikanipanda. Nilimuuliza ananiacha na nani. Kwamba anichoree mvua, anifurishe goti, halafu akachore chapati?

Akasema, "Mwaitu, nilikosea." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba chetu.

"Ulikosea, ndiyo. Wewe umezaliwa hapa hapa Makueni," nikamwambia. "Umewahi kumwona mtu yeyote amesimama kwenye mvua akasema imetosha?"

Akacheka kidogo, akafungua daftari, akaniuliza swali ambalo hata Mukami hakuwahi kuniuliza. Aliuliza, je, kuna mvua ambayo mimi siitaki?

Nikachukua fimbo, tukatoka mpaka pale ukutani nyuma ya nyumba, mahali unapoona mteremko wote hadi mtoni. Nikamwonyesha. Kuna mwaka mvua ilikuja kwa kishindo, siku moja tu, ikabeba udongo wa matuta matatu na mbegu zake, na kufika jioni tulikuwa tumebaki na mawe. Maji yakija mbio yanakupita, nilimwambia, na njiani yanakuibia. Yale ya polepole ndiyo yanakaa. Yanajaza tuta la kwanza, yananywewa, kisha yanashukia la pili. Na hata hayo yana kipimo. Ndengu zikinyeshewa kupita kiasi zinaoza. Mkulima anataka mvua, halafu anataka jua, halafu anataka mvua. Ardhi ikishashiba unaiacha, na ni wakati huo unapoiacha ndipo mbegu inafanya kazi yake.

Muindi alikuwa anaandika mpaka kalamu ikawa inatoboa karatasi. Aliniuliza maji yanayobeba udongo ni ya rangi gani, na ardhi iliyoshiba inaonekanaje. Alikaa hapo mpaka jua likamfikia mgongoni. Alipoondoka alisema sawa, na safari hii haikunikera.

Sijui alimwambia nini Mukami, wala jinsi alivyomsumbua yule fundi wa Machakos. Ninachojua ni kwamba baada ya siku nne nilifungwa tena ile simu chini ya goti, Mukami akiwa amesimama pembeni amekunja mikono.

Bwawa lilikuwa limeondolewa. Mahali pake palikuwa na mteremko na matuta kumi na manne. Nilikunja goti polepole, na maji ya hudhurungi, maji ya kweli, yakaingia tuta la juu yakatulia, udongo ukabadilika ukawa mweusi. Nikakunja kwa haraka makusudi, nione. Maji yakaruka ukingo, yakabomoa kona, yakaondoka na udongo mwekundu mpaka chini. Niliona aibu kama nimefanya hivyo shambani kwa mtu. Nilipofika mara kumi na tano matuta yote yalikuwa meusi, mawingu yakajiendea, na hata nilipokunja tena hakuna kilichonyesha. Nikauliza sasa nifanye nini. Muindi akasema nisifanye kitu. Mbegu ziko ardhini, na hazitoki mpaka mguu utulie. Nikisumbua mguu zinangoja.

Nilirudi nyumbani nikatulia. Mimi, Ndinda, nilikaa na mguu juu ya mto mchana kutwa kwa ajili ya ndengu za kwenye kioo. Nilipofungua jioni kulikuwa na vichwa vya kijani kwenye tuta la kwanza. Wanawake wa mwethya walikuja tena, na safari hii nilipotaka kuongeza mara moja zaidi ni wao walioninyang'anya mashine. Walisema nitaozesha.

Sitini na sita. Sabini na tano. Themanini na moja. Siku mbili kabla ya Jumamosi yangu Mukami alipima mara ya mwisho akapata themanini na nane. Alisema digrii zimebaki mbili, na kwamba mbili hizo nisijaribu kuzilazimisha mteremkoni. Niliitika. Moyoni nilikuwa na mahesabu yangu.

Kitonga alifika asubuhi na mapema, amevaa viatu vizuri, ishara kwamba hakutarajia kufika mtoni. Tulishuka. Nilikuwa na fimbo, kwa sababu fimbo si mtu. Kwenye kila ukingo nilitanguliza mguu mbovu kama nilivyofundishwa, nikashusha, nikangoja, nikaendelea. Tuta la tisa lilikuwa bado limebomoka pale nilipoangukia, na mwanangu alinyoosha mkono kisha akaurudisha mwenyewe. Tulifika mtoni. Nikakanyaga mchanga, nikageuka.

Kupanda ndiko kulikokuwa na maneno. Matuta matatu ya kwanza nilipumzika mara moja. Baada ya mengine mawili nilipumzika tena. Nilipofika lile la tisa goti likaanza kupiga, joto lile lile la asubuhi ya boga, na juu niliona bati la nyumba yangu likiwaka jua. Yalibaki matuta manane. Nikamwona Kitonga ananitazama. Ndinda wa zamani angekaza meno akapanda yote manane kwa hasira, afike juu, aanguke mlangoni, na Jumatatu awe Kiboko. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nikatafuta jiwe, nikakaa, nikanyoosha mguu.

Kitonga alisubiri. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, na macho yake yalikuwa na machozi, kwa sababu alidhani nimekwisha.

"Mama," akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana nisishikwe," nikamjibu. "Hatukukubaliana nisipumzike. Ardhi imeshiba. Ngoja ikauke kidogo."

Hakuelewa, na sikumweleza. Nilikaa. Nilikaa zaidi ya nusu saa, nikitazama mto na mbaazi zangu, bila kuona aibu yoyote. Yeye alisimama, akatembea huku na huku, akakaa, akasimama. Kisha, kwa vile mikono ya mtu aliyelelewa shambani haijui kukaa, akaanza kuokota mawe na kuyapanga pale ukingo ulipobomoka. Viatu vyake vizuri vikawa vyekundu. Goti lilipopoa niliinuka peke yangu, nikapanda, nikapumzika mara moja tena njiani, nikafika nyumbani, nikakaa kwenye stuli yangu mlangoni.

Mwanangu aligeuka akashuka tena, nikafikiri amekasirika. Alirudi baadaye akiwa na jembe begani na jasho, akaniambia ule ukingo wa tuta la tisa umesimama sasa, ila nimwite fundi wa mawe auangalie. Kisha akaniuliza mwaka huu nataka aniletee mbegu gani za ndengu kutoka Kiboko. Nikamwambia zile zinazokomaa haraka. Mbegu ziende mbio, mimi nitafuata.

Nilimpigia Muindi simu saa hiyo hiyo. Hakunipongeza, si mtu wa makelele. Aliniuliza tu nilipumzika mara ngapi na mahali gani. Nikamwambia mara nne, na ile ndefu ilikuwa tuta la tisa, kwenye jiwe. Nikasikia kalamu.

Mashine niliirudisha, wengine wanaihitaji. Ukienda Wote leo utamkuta mzee wa watu ameifunga mguuni, anatazama maji yakishuka. Mwambie akuonyeshe yale matuta. Mvua ikiisha, kwenye tuta la tisa, utaona picha ndogo ya mama ameketi juu ya jiwe, kanyoosha mguu, fimbo iko kando. Huyo ni mimi, na hapo nimekaa shambani kwangu.